Stakabadhi ya Mizani

Damu ya Bwana Famau ililetwa saa tano usiku,
ingali na joto la mkono wake.
Nikasoma jina, nikasoma kitanda, nikaitia mashineni.
Sikumjua. Kazi yangu ni kuzijua chupa.

Nilichokijua nilikijua kwa tarakimu:
troponini juu, yaani nyama ya moyo inavujia damuni;
sukari ya mtu aliyeacha halua shingo upande.
Na hii ilikuwa mara ya pili. Miezi minne nyuma
mshipa ulizibuliwa, ukategwa wavu mdogo wa chuma,
akapewa kidonge kimoja kila asubuhi
kuzizuia chembe sahani zisishikane.
Sasa umeziba tena, pale pale.

"Hamezi," alisema Thureya, bintiye,
mlangoni pa wodi, macho mekundu kwa kukesha.
"Anavitupa. Nimevitafuta chini ya godoro,
kwenye kopo la asumini, mifukoni mwa kanzu ya Ijumaa."
Hakupata hata kimoja.
Kutokupata kukawa ndio ushahidi: mzee mjanja.

Mzee mwenyewe alikuwa karani wa mizani bandarini,
miaka thelathini na moja ya malori, Kilindini,
na hakuna dereva aliyewahi kumhonga kilo.
Alisema mara moja tu, "Nimemeza,"
kisha akaugeukia ukuta.

Daktari Mghoi hakubishana na yeyote.
Mshipa ulipozibuliwa, akaamuru: siku saba,
muuguzi ampe kidonge kwa mkono wake,
asimame, alitazame koo likipanda na kushuka,
amwambie afungue kinywa, ainue ulimi,
mtu mzima, mwenye wajukuu,
kama mtoto aliyedokoa sukari.
Halafu damu. Halafu mimi.

Mashine ikanung'unika, ikatoa
mia mbili sabini na moja.
Nikarudia. Mia mbili sitini na tisa.
Chembe zake zilikuwa zikisongamana
kama watu Likoni lango la feri linapofunguliwa.
Na Kalume wa kitanda cha tisa,
kidonge kile kile, kopo lile lile:
mia moja na tatu.

Kidonge hiki, niwaambieni, huja kimelala.
Hakiijui kazi yake mpaka ini likiamshe.
Sisi tunausifu moyo, tunauapia, tunawapa wapenzi,
na ini liko uani, linapuliza moto.
Wapo waliozaliwa na ini lisilojua kubisha hodi.
Dawa inawapitia usingizini, inaingia na kutoka,
na mwenyewe kameza, wallahi kameza,
kwa maji ya mtungi na bismillahi.

Kipimo cha nasaba kilikuja baadaye:
herufi mbili, ya mama na ya baba,
zote mbili goigoi.

Wakambadilishia, wakampa dawa inayokuja macho.
Jumatano, themanini na nane.

Thureya alikuja dirishani pangu kuomba karatasi.
Si ile ya themanini na nane. Ile ya kwanza.
Akaisoma kama hati ya deni, kidole kikifuata mstari.
"Kwa hivyo alikuwa akimeza."
Sikujibu. Nyuma yangu jokofu lilikuwa likinguruma.
Akaikunja mara nne, akapanda nayo juu.

Sijui alimwambia nini babake.
Ninachojua ni kwamba baada ya robo saa alirudi,
karatasi imekunjuliwa, pua imemvimba kwa kilio,
na kitu kama kicheko kinamtikisa bega.
"Ameishika mbali na macho," akasema,
"akaitazama juu, akaitazama chini,
akaniuliza: sahihi ya mpimaji iko wapi?"

Mwaka wa kumi na mbili huu niko hapa.
Nimetoa tarakimu za mji mzima, Mikindani hadi Nyali,
na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyepima.
Nilitafuta kalamu, nikakosa, nikaazima yake.

Akaondoka akiipuliza, ngazi mbili mbili,
wino haujakauka.